Nambari Pana

Kila siku saa tisa na nusu alasiri, Chihaya Kudo alivua viatu mlangoni, akavipanga ncha zikielekea nje, akasema kwa sauti, "Nimerudi." Na kila siku bibi yake Tokie, miguu yake ikiwa chini ya meza fupi yenye kipasha joto, alimjibu kwamba chungwa lake limeshamenywa. Hata siku ambazo Bibi alisahau jina la Chihaya, chungwa hakulisahau.

Jumanne ile ya Januari hakuna aliyejibu.

Meza ilikuwa ya moto. Chungwa lilikuwa juu yake, limemenywa nusu. Koti la kijivu la Bibi halikuwepo kwenye msumari, wala taulo lake la kuogea. Chihaya alifungua mlango wa nje akatazama njiani. Theluji ilikuwa ikivuma kutoka baharini, imelala ubavu kama mvua ya kimbunga, na nyayo zote, ziwe za nani, zilikuwa zimekwisha kufukiwa.

Alipanda ngazi mbio hadi kwa Shangazi Rikako, dada ya baba yake, aliyefanyia kazi yake ya kompyuta chumbani juu. Shangazi alikuwa kwenye mkutano tangu saa nane, visikizi masikioni, hakusikia mlango ukifunguliwa. Alipoambiwa, aliacha mkutano katikati ya sentensi. Aliwapigia polisi, nao wakatuma gari upande wa stesheni. Akampigia baba yake Chihaya, ambaye alikuwa mlimani akiendesha gari la kusukuma theluji na asingeweza kufika kabla ya saa mbili. Nje baridi ilikuwa nyuzi tano chini ya sifuri, na katika mji wa Minasaki, Januari, saa kumi na nusu tayari ni giza.

"Koti amevaa, kwa hiyo stika anayo," Shangazi alisema, akijitahidi kutuliza sauti. "Atakayemkuta ataandika nambari, na simu yetu italia. Tukae karibu na simu."

Kila mzee wa Minasaki aliyeanza kusahau njia alipewa stika zenye nambari yake. Moja ilibandikwa kisigino cha kiatu, nyingine ndani ya koti. Aliyemkuta mzee njiani aliandika nambari ile kwenye simu yake, na papo hapo simu ya nyumbani kwa mzee ililia. Kumbukumbu za kila mzee, yaani jina, picha na simu ya nyumbani, zilikaa katika ghala la mbali, kwenye mitambo ya kukodi ambayo watu huiita wingu, pamoja na za wazee wengine elfu sitini wa miji mingi. Shangazi Rikako alikuwa mmoja wa wahandisi waliolitunza ghala hilo. Kwa hiyo nyumba ile iliiamini stika kuliko nyumba nyingine yoyote.

Wote waliiamini, isipokuwa Chihaya.

Mwezi mmoja kabla, Shangazi alimpa kazi ya kumwandikisha Bibi. Kwa kuchapa haraka hakuwa na mpinzani darasani, na alijua hivyo. Shangazi alimwambia kwamba akimaliza ajifanye mtu aliyemkuta Bibi njiani, aandike nambari, asikie simu ikilia. Lakini siku ile rafiki yake Sayo alikuwa akimsubiri kwenye mchezo wa mtandaoni, akimchokoza: "Malkia wa kibodi, leo hata konokono kakupita?" Chihaya alichapa jina, akachapa nambari, akaweka picha, akahifadhi, akakimbilia mchezo. Shangazi alipouliza kama amejaribu, alijibu bila kupepesa jicho.

"Nimejaribu. Inalia."

Sasa simu ilikuwa ukutani, kimya. Ilifika saa kumi. Ikafika saa kumi na robo. Dirisha liligeuka buluu, kisha kijivu.

Shangazi alishindwa kungoja. Alichukua karatasi ya stika zilizobaki, iliyokuwa imebandikwa kwenye friji, akaandika nambari ya Bibi katika kompyuta yake mwenyewe: 40719. Jibu lilirudi kabla hajainua kidole. Hakuna kumbukumbu.

Aliandika tena. Hakuna kumbukumbu.

Alijaribu nambari ya mzee jirani, ikaja mara moja. Ghala lilikuwa zima. Basi Shangazi akaanza kuwapigia wenzake kazini, akiuliza nani amefuta kumbukumbu tangu Desemba, nani amegusa nini. Aliwaambia kwa uhakika kwamba mwezi uliopita nambari hiyo ilijaribiwa ikafanya kazi. Watu watatu wakaanza kumtafuta mfutaji ambaye hakuwepo. Chihaya alisimama nyuma ya kiti, akiuona uongo wake mdogo ukiwapeleka watu wazima njia isiyo na mwisho, na kila dakika waliyopoteza wao, Bibi alikuwa akiganda.

"Shangazi, huwezi kumtafuta kwa jina?"

"Ghala hili halikujengwa kwa kupekua, mwanangu. Ni kama kabati lenye droo elfu sitini. Ukiwa na nambari kamili, unavuta droo moja tu, hata jicho halijapepesa. Bila nambari, nifungue zote moja moja. Kutakucha."

Chihaya aliitazama karatasi ya stika. Alijua akisema atachukiwa. Alijua pia kwamba asiposema na Bibi akafa, atajichukia mwenyewe maisha yake yote.

"Sikujaribu," alisema. "Siku ile. Nilikudanganya. Simu haikuwahi kulia."

Shangazi aligeuka polepole. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Chihaya zaidi. Aliinuka tu, akamsukumia kiti.

"Kaa. Andika kama ulivyoandika siku ile. Vidole vilevile, haraka ileile."

Chihaya alikaa. Aliandika jina la Bibi kwa herufi za kwao, kisha bila kugusa kitu kingine akaandika nambari. Shangazi alimshika mkono.

"Hapo."

Kwenye skrini palisomeka ４０７１９. Kibodi za kwao zina namna mbili za kuandika tarakimu, nyembamba na pana. Ukiwa unaandika majina, tarakimu hutoka pana. Ni lazima ubadilishe kwanza. Kwa jicho la mtu, saba pana na saba nyembamba ni saba. Kwa mashine, ni vitu viwili visivyojuana. Chihaya, kwa haraka yake, alikuwa amemweka Bibi katika droo ambayo hakuna mpita njia angeifungua, kwa maana simu za watu wote huandika nyembamba.

Shangazi aliuliza ghala kwa nambari pana. Uso wa Bibi Tokie ukajaa skrini, ukicheka, kabla hajainua kidole. Alikuwa humo muda wote.

Kwa mapigo machache ya kibodi Shangazi aliihamishia kumbukumbu ile kwenye nambari nyembamba. Kisha akakaa, mikono mapajani. "Sasa mtu aulize tena," alisema. "Ndiyo yote tuliyo nayo."

"Na waliokwisha kuuliza?" Chihaya alisema. "Wakaambiwa hakuna. Mashine inawakumbuka?"

Shangazi alimtazama, kisha akaigeukia kibodi. Maswali yasiyopata jibu yalikuwa yakiwekwa katika orodha yake. Nambari ya Bibi ilikuwa humo mara tatu, saa tisa na dakika hamsini na mbili, kutoka duka la kituo cha mwisho cha basi. Mara tatu. Kuna mtu alikuwa amehangaika.

Mwenye duka, Bwana Onodera, alijibu simu kwa kuomba radhi. Alisema alimpa mama yule chai, akaona stika kiatuni, akaandika nambari hadi akadhani ni ya mji mwingine. Alitaka kupiga simu polisi, lakini basi likashusha abiria, akahudumia wawili, alipogeuka kiti kilikuwa kitupu. Alidhani amepanda basi.

"Alisema chochote?" Shangazi aliuliza.

"Aliniuliza kama moto wa bafu umeshawashwa. Nikadhani anatania. Bafu lile si lilifungwa miaka tisa iliyopita?"

Chihaya tayari alikuwa akivaa viatu. Kwa miaka thelathini Bibi alikuwa mchochea moto wa bafu la umma la mtaa wa kituo kile cha basi, na kila siku saa kumi alifungua mlango.

Walimkuta kwenye ngazi za mlango ule uliopigiliwa mbao, taulo limekunjwa magotini, theluji imekaa mabegani na kwenye nywele. Midomo yake ilikuwa ya zambarau. Aliwatazama kama wateja.

"Mmewahi," alisema kwa shida. "Maji bado ya baridi."

Chihaya alimkumbatia. Shangazi alivua koti lake akawafunika wote wawili, akaita gari la wagonjwa. Daktari alisema baadaye kwamba ingepita nusu saa zaidi, yeye asingekuwa na kazi ya kufanya.

Siku tatu baadaye Bibi alirudi nyumbani. Baba hakusema mengi. Alimwambia Chihaya aende kwa Bwana Onodera kumshukuru na kumweleza kosa lilikuwa la nani, naye akaenda. Jioni Shangazi alimwita mezani.

"Mashine haijui ulichokusudia," alimwambia. "Inajua ulichoandika. Kukosea tarakimu hata mimi hukosea, ndiyo maana tunajaribu. Lakini mimi nilikuuliza wewe, nami nikaliamini neno lako kama nambari. Ungesema 'sijajaribu', tungelimaliza Desemba kwa sekunde mbili. Anayesema kweli hutafutwa mara moja akaonekana. Anayedanganya hutufanya tupekue kabati zima."

Chihaya aliitikia kwa kichwa. Kisha akachukua simu ya mkononi, akaenda barazani, akaandika tarakimu tano nyembamba, moja moja, kwa kidole kimoja. Simu ya ukutani ikalia. Alisikia miguu ikiburutwa, kisha sauti ya Bibi.

"Haloo. Nani kapotea?"

"Hakuna, Bibi. Najaribu tu."

"Vizuri," Bibi alisema. "Ujaribu na kesho."