Kurasa Nne za Mwisho

Kila alasiri, akishavua sare na kuosha vyombo, binti wa fundi viyoyozi alikaa karakanani akimsomea baba yake kitabu cha mtihani wa leseni. Baba alikuwa fundi hasa. Kiyoyozi kilichowashinda wengine, yeye alikitegea sikio tu akajua kinaumwa nini. Lakini shule aliiacha darasa la tatu, na herufi zilimpiga chenga. Sasa sheria ilikuwa imebana: asiye na leseni asiguse mtambo wa mtu. Afadhali mtihani wenyewe ulikuwa wa kujibu kwa mdomo.

"Haya, mwalimu wangu, leo tuko wapi?" baba alikuwa akimtania.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani, wenzake binti walikuwa wakiruka kamba nje, na miguu ilimwasha kwa hamu. Zilibaki kurasa nne, za kupima mabomba kama yanavuja. Akazifunua zote kwa mkupuo bila kuzisoma, akasema kitabu kimekwisha, akatoka mbio. Baba, masikini, alimshukuru sana.

Kesho yake baba alirudi kutoka mtihanini kabla ya adhuhuri, mabega yamemshuka. Alikuwa amejibu vizuri hadi alipoulizwa bomba hujazwa hewa gani ili kupima kama linavuja. Akajibu oksijeni, kama alivyofundishwa ujanani. Mtahini aliweka kalamu chini, akamwambia jibu hilo peke yake linatosha kumnyima leseni. Arudi baada ya miezi sita.

"Sikumbuki kulisikia hilo," baba alisema kwa unyonge. "Labda nilisinzia wakati unasoma. Unisamehe, mwanangu."

Maneno hayo yalimchoma binti kuliko bakora. Akaangua kilio, akasema yote. Baba hakumgombeza. Alimwambia tu alete kitabu, asome palipobaki.

"Bomba lijazwe nitrojeni," binti alisoma. "Oksijeni isitumike kamwe. Ikikutana na mafuta ya kompresa, mtambo hulipuka na kuua."

Baba akamwomba arudie. Akarudia. Hapo baba akaketi sakafuni, akaufunika uso kwa ovaroli lake. Baba mdogo, alisema, yule aliyefariki kabla binti hajazaliwa, alikuwa akipima mabomba ya chumba cha baridi cha bucha mtambo ulipolipuka. Ukoo mzima uliamini kompresa ilikuwa mbovu.

"Mtungi wa oksijeni nilimpa mimi," baba alisema. "Kwa mkono wangu huu."

Binti hakuwahi kumwona baba yake akilia. Siku hiyo alimwona, na hakujua aweke wapi macho.

Miezi sita ile baba alifanya kazi chini ya fundi mwingine mwenye leseni, akimbebea ngazi kama mwanafunzi. Jioni walisoma upya, kuanzia ukurasa wa kwanza. Alipofaulu hawakufanya sherehe. Aliitundika leseni ukutani, kisha akamwita binti.

"Mimi sikujua," alisema taratibu, "na bado ndugu yangu alikufa. Sasa wewe ulijua kuna kurasa zimebaki. Ungeninyima leseni tu, ingekuwa afadhali. Lakini lisingeulizwa swali lile, ungeweza kunizika. Mwanangu, ukichoka niambie umechoka, tutasoma kesho. Usiniambie kimekwisha na hakijaisha."

Binti akaitikia kwa kichwa.