Udongo Ulianguka, Nikanyamaza

Nina miaka kumi na saba, nasoma mwaka wa tano wa sekondari hapa Brussels. Mimi ni mtu wa haya. Darasani mwalimu akiita jina langu, naitika kwa sauti ambayo hata jirani yangu wa dawati haisikii. Mambo yangu huwa nayaandika kwenye daftari. Hili nimeliandika mara tatu na bado linanichoma... Leo nawaambia ninyi, wasomaji wenzangu. Labda nitapumua.

Papa, baba yangu mzazi, alikuwa mwalimu kule Bujumbura. Hapa anaosha na kung'arisha magari katika gereji ndogo nyuma ya kituo cha treni cha Gare du Midi. Alikuwa akifanya kazi na tonton Idi, yaani mjomba Idi, rafiki yake aliyekua naye hukohuko mtaa wa Buyenzi. Hatuna undugu wa damu, lakini ni yeye aliyekuwa akinichekesha mpaka nasahau haya zangu. Jumatano mchana, shule zikifungwa mapema, na siku za likizo, nilikwenda kuwasaidia.

Tonton Idi alikuwa na donda moja tu moyoni. Mke wake, maman Mwajuma, na binti yao Fatuma wa miaka minne, walikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi huko Kigoma. Waliwahi kumtumia kaseti, na ndani yake mtoto anauliza, "Baba, Ulaya kuna mlango?" Kaseti ile tuliisikiliza gerejini mpaka ikaanza kukoroma!

Ili waje, alihitaji mtu mwenye kazi kubwa na makaratasi ya Ubelgiji awawekee sahihi ya prise en charge, yaani hati ya kusema: hawa wakifika, mimi nawabeba. Mtu huyo alipatikana. Ni papa Mwamba, mzee wa Lubumbashi, mteja wetu, mwenye ofisi yake upande wa Schuman, kwenye maofisi makubwa. Alisema, "Idi, acha kwanza nioleshe binti yangu. Lundi tutaenda commune, nitasaini." Yaani Jumatatu, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Tonton Idi alilia mbele yetu. Mtu mzima, machozi mpaka kwenye ndevu!

Harusi ilikuwa Jumamosi, na bibi harusi angepanda Mercedes nyeusi ya baba yake. Ijumaa, siku ya likizo, papa Mwamba akatuletea gari. Akasema, "Nataka batu ba Matonge bajione mule kama ku kioo!" Matonge ndio mtaa wa Waafrika hapa Brussels.

Sasa nieleze kidogo, maana hapo ndipo nilipoharibu. Gari linaweza kuoshwa, likakaushwa, ukaliona limetakata. Lakini vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, pitisha vidole juu ya rangi... utasikia vipele. Ni vumbi la chuma kutoka kwenye reli, limeng'ang'ania. Ukipaka nta juu yake, umeufungia uchafu ndani. Kwa hiyo kabla ya nta tunatumia udongo fulani laini, kama sabuni iliyolowa. Unaukanda, unaupiga bapa, unanyunyiza maji ya sabuni kwenye rangi, unautelezesha polepole bila kukandamiza. Udongo unanyonya vipele vyote. Hapa bado ni kitu kigeni, Papa huuagiza Ujerumani.

Tonton Idi aliuita chapati. "Aziza, kanda hiyo chapati, usiibembeleze! Bwana yako siku moja atakula mawe, masikini."

Lakini kwenye jambo moja hakuwa na mzaha. "Ikianguka chini, imekufa, imeshika mchanga. Usiiokote. Tupa."

Ijumaa ile Papa alitoka kwenda kununua nta. Tonton Idi alishika upande wa kushoto, mimi wa kulia. Nikiwa kwenye mlango wa mbele, udongo ukaniponyoka. Pa! Ukaangukia sakafuni, kwenye mchanga.

Nikageuka. Tonton alikuwa amenipa mgongo, anaimba. Kipande kingine cha udongo hapakuwa nacho, ila nusu aliyokuwa nayo yeye. Ilikuwa ni kusema tu, "Tonton, imeanguka." Maneno mawili! Angenikatia wake. Lakini haya ikanishinda. Nikaona nitaonekana mtoto asiyefaa kitu. Nikauokota, nikaufuta kwenye aproni, nikaukunja, nikaendelea mpaka mlango wa nyuma...

Papa akarudi, tukapaka nta. Chini ya ile taa yetu hafifu gari liling'aa. Nikajiambia, kumbe hakuna kitu.

Asubuhi papa Mwamba alikuja na suti yake mpya. Akaendesha mpaka nje, juani. Mara nikasikia breki. Milango miwili ya kulia ilikuwa mikwaruzo mitupu, kama kuku wamechakura!

"Siku ya ndoa ya mutoto wangu!" alipiga kelele. "Nani alifanya hivi? Nani?"

Tonton Idi alikwenda kwenye ndoo, akautoa udongo, akaufungua kwa vidole. Akauona mchanga. Kisha akaniangalia... Hakuniangalia kwa ukali. Alikuwa ananingoja.

Nami nikaangalia viatu vyangu. Kwetu mtoto hadakii maneno ya wakubwa wenye hasira, na mimi nikajificha nyuma ya adabu hiyo. Ilikuwa adabu gani? Ilikuwa woga mtupu!

"Papa Mwamba, unisamehe," alisema tonton Idi. "Mukubwa wa hii kazi jana ilikuwa mimi."

"Bon. Muntu anashindwa kuchunga gari, donc atachunga namna gani bibi na mutoto hapa Ulaya? Ile papier, utatafuta muntu mwingine wa kusaini."

Hata hapo sikufungua mdomo. Wangapi kati yenu mngenyamaza? Mimi nilinyamaza.

Habari ilifika Matonge kabla ya keki kukatwa. Kwenye saluni na baa wakampachika jina, Idi Mikwaruzo. Kila aliyeombwa sahihi alikuwa na sababu yake. Wateja wakaanza kumwambia Papa, "Huyu asiguse yangu." Mwisho tonton mwenyewe aliondoka, akaenda kufagia ofisi. Kila nilipotaka kusema, nilijiambia kesho. Kesho ikawa miezi mitano.

Halafu barua ya tonton kwenda Kigoma ikarudi. Kisha ya pili. Mtu aliyetoka kambini akapiga simu, akasema maman Mwajuma alichoka kungoja, akambeba mtoto, wakavuka mpaka kurudi Burundi kwa mama yake. Njiani palikuwa na vita. Baada ya hapo hakuna aliyewaona.

Jioni ileile nilimwambia Papa. Hakunipiga. Afadhali angenipiga! Aliniuliza tu, "Miezi mitano, Aziza?" Akavaa koti. "Twende. Huko utasema mwenyewe."

Nilisema, nimesimama katikati ya sebule ya papa Mwamba. Mzee alizima televisheni. Kisha akauliza, "Na Idi alinyamaza tu?" Jumatatu, kabla ya kwenda ofisini, alimpeleka commune, akasaini.

Sahihi ikapatikana. Watu wa kuisafiria hawakupatikana.

Nilimwomba tonton Idi msamaha kwa magoti. Akaniinua. "Mutoto wangu, nilijua siku ile ile. Nilikuwa ninangoja uniambie weye." Bado anakuja kula kwetu. Bado ananiita mutoto wangu. Lakini mizaha imekwisha... Anakula, anashukuru, anakwenda kwenye kibanda cha simu kuulizia tena.

Ninyi wenye haya kama mimi, nawasihi! Msidhani ukimya wenu haumdhuru mtu. Mimi nilikuwa msichana mpole, kila mtu alinisifu hivyo, na kwa upole huohuo nilimnyima mtu mke na mtoto. Ukikosea, sema papo hapo, hata kama sauti inakatika, hata kama utachekwa. Utachekwa siku moja tu.

Fatuma sasa atakuwa na miaka mitano. Kama yuko.