Mlezi wa Vitoto vya Todau

Vitoto vya Todau vilikuwa vimeota manyoya mwili mzima, lakini hakuna hata kimoja kilichofumbua macho.

Sulan aliliona hilo asubuhi, alipokuwa akibadilisha karatasi za kiota. Todau, panya jike wa rangi ya karanga ambaye binti yake Pinyu alimfuga chumbani, alikuwa amekaa pembeni mwa tundu akila yai la kuchemsha. Hakuvilalia vitoto vyake wala kuvitazama. Chuchu zake zilikuwa zimekauka. Hata hivyo vitoto vilikuwa vimenona, matumbo yamejaa, na vilinuka maziwa.

"Pinyu, unavipa nini hivi?"

"Sivipi kitu, Ma." Msichana wa miaka minane alijibu kutoka kitandani, uso umezama kwenye mto.

"Amka basi, mvivu we. Au unangoja nikumwagie maji?"

"Usingizi mtamu, Ma. Ananipigapiga mgongoni."

"Nani?"

Pinyu alikuwa ameshalala tena.

Alasiri, baada ya kufunga duka lake la maziwa ya soya na maandazi ya mvuke, Sulan alikichukua kitoto kimoja akakipeleka kwa daktari wa wanyama barabara ya pili. Daktari alikuwa kijana mpenda utani. Alikifunua kope kwa ncha ya kidole, akamulika.

"Macho mazima. Huyu si mgonjwa, dada, huyu amelala. Mimi ningepata usingizi kama huu ningeacha kazi." Kisha akakigeuza, na utani ukamwishia. "Amejigonga wapi?"

Chini ya mkia, kwenye ngozi, palikuwa na baka la rangi ya buluu.

Sulan alilijua baka hilo. Pale mjini Tainan karibu kila mtoto huzaliwa nalo matakoni, na kila mama huambiwa kwamba ni alama ya kiganja cha Mama wa Kitanda, yule anayekaa na watoto wachanga, akiwabembeleza walale na kuwachekesha usingizini. Baka hilo hufutika kabla mtoto hajaanza shule. La Pinyu lilifutika zamani.

Alirudi nyumbani kwa haraka. Pinyu alikuwa bado kitandani. Mwalimu alikuwa amepiga simu na hakuna aliyepokea. Sulan akampandisha fulana. Baka lilikuwa limerudi, kiunoni, na safari hii lilikuwa na vidole.

"Pinyu. Pinyu! Ulifanya nini humu ndani?"

Msichana alifungua jicho kidogo. "Si ulisema mwenyewe nimwombe Mama wa Kitanda?"

Ni kweli alisema. Siku Todau alipozaa, jirani alikuwa akitoboa ukuta kwa mashine, na panya kwa woga akavitelekeza vitoto. Vilikuwa vyekundu, havina manyoya, na vilianza kupoa. Pinyu akaja dukani akilia mbele ya wateja. Sulan, mikono imejaa unga, akamjibu: "Mimi sina maziwa ya panya. Kamwombe Mama wa Kitanda!" Wateja wakacheka, naye akacheka.

"Nikaweka tundu hapa kitandani," Pinyu alisema. "Nikaweka bakuli la wali wa mafuta na kuku wa tangawizi, kama tulivyofanya kwa mtoto wa shangazi. Nikawasha udi. Vikapata joto, Ma. Vyote."

"Uliuacha udi mpaka lini?"

"Kikiisha kijiti nawasha kingine. Mpaka ulipofunga duka."

Sulan akakaa sakafuni.

Hakuna mzazi wa Tainan asiyejua kwamba Mama wa Kitanda huhudumiwa kwa haraka. Unaweka chakula, unawasha udi, unasema haja yako, na kijiti hakijafika nusu umeshaondoa bakuli na kuchoma karatasi za sadaka. Watu hufanya kama wanaokimbilia chungu kinachoungua. Ukimkalisha, anazoea. Akizoea, anapenda. Na mtoto aliyependwa sana na Mama wa Kitanda huwa mgumu kuamka. Haya huambiwa mama mpya na mama mkwe wake. Pinyu hakuwa ameambiwa na mtu.

Mumewe, Bunhiong, dereva wa lori la samaki, aliporudi hakutaka kusikia habari ndefu.

"Panya ndio walioitiwa, panya waondoke. Wakienda wao, anawafuata."

Akabeba tundu mpaka kwa kaka yake, mtaa mwingine. Sulan alibaki pembeni mwa kitanda. Kwa muda wote aliokaa pale alikuwa akisikia mlio mdogo, pa, pa, pa, kama kiganja juu ya nguo, na alikuwa akijiambia ni pazia. Bunhiong alipotoka na tundu mlio ulinyamaza. Kope za Pinyu zikacheza. Sulan akainama, akaanza kumwita jina lake polepole, na wakati huo huo godoro likabonyea upande wa pili wa mtoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu, harufu ya maziwa na mafuta ya ufuta ikajaa chumba, na mlio ukarudi, sasa si wa kiganja kimoja bali viwili, vikipokezana upesi upesi, huku fulana ya mtoto ikitetemeka mgongoni na midomo yake ikinyonya hewa, ikinyonya na kumeza, mpaka tone jeupe likatoka pembeni mwa kinywa likashuka kwenye mto.

Akampigia mumewe. "Warudishe," alinong'ona. "Warudishe sasa hivi. Alikuwa anawagawia. Sasa amebaki na mmoja."

Tundu liliporudi, mlio ulipungua.

Walimwita Bi Chai, mwanamke wa mtaa wao anayekusanya hofu za watoto walioshtuka na kuziita roho zao zirudi. Alikuja na kikombe chake cha mchele, akakifunga kwa fulana ya Pinyu, akakizungusha juu ya kichwa cha mtoto huku akitaja jina lake na anwani ya nyumba ili roho isipotee njia. Kisha akafungua fulana asome mchele. Kwa kawaida huangalia nyufa na mashimo yaliyojitokeza juu yake. Safari hii mchele ulikuwa umelowa, na kilichoulowesha kilikuwa cheupe.

Bi Chai akaweka kikombe chini, akaenda kunawa mikono. Aliporudi alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kwenye nyumba yenye mtoto mchanga.

"Siwezi, mwanangu."

"Bi Chai, umetoa majini ya kila namna mtaa huu."

"Wale walivamia. Huyu nimfukuze kwa kosa gani? Ameitwa, amelishwa, ameombwa alee. Analea."

"Basi aambiwe imetosha."

"Aambiwe na nani? Aliyewasha udi ndiye anayeaga. Kwa mdomo wake, akiwa macho."

Bunhiong alikohoa. "Lakini si huwa anaondoka mwenyewe? Mtoto akitimiza miaka kumi na sita, tukamfanyia sherehe ya kutoka utotoni hekaluni. Tutangoja. Tutamwosha, tutamgeuza, tutangoja."

Bi Chai aliushika mkono wa Pinyu, akautazama.

"Umemkata kucha lini, Mama Pinyu?"

Sulan alifikiri. "Kabla ya haya yote."

"Hazijakua," alisema Bi Chai. Akaurudisha mkono chini ya shuka, taratibu. "Anayebaki mchanga habalehe, mwanangu. Huko kwenye kumi na sita hafiki."

Hakukubali hata chai. Mlangoni alivaa viatu bila kufunga kamba.

Sulan ndiye aliyepata wazo, na alilipata akiwa anawabadilishia panya maji. Kitanda kikiwa na watoto wengi, mikono ni ileile. Alikwenda kwenye maduka ya wanyama akanunua kila panya jike mwenye mimba aliyempata. Walipozaa, aliweka matundu kitandani, miguuni pa Pinyu, kisha sakafuni, kisha juu ya kabati, na mbele ya kila uzao akaweka wali na kuku na kuwasha udi.

"Umerukwa na akili?" Bunhiong alimshika mkono. "Unamwita tena?"

"Yumo humu tayari. Namwongezea kazi."

"Na kesho?"

"Kesho atachoka, Baba Pinyu. Hakuna mlezi asiyechoka. Achoke kidogo tu, mtoto aamke, aage, basi."

Panya wazazi waliacha kunyonyesha, mmoja baada ya mwingine, wakakaa pembeni wakila. Vitoto vilinenepa macho yakiwa yamefumbwa. Vilinona mpaka vikalingana na mama zao kwa unene, na bado vililala vimejikunja, vikitabasamu, na mlio wa viganja ukawa umetapakaa chumba kizima kama mvua ya rasharasha juu ya bati, ukienda tundu hadi tundu, ukichelewa kumrudia msichana, ukichelewa zaidi, mpaka mchana mmoja Sulan alipokuwa akimpangusa uso kwa kitambaa cha maji ya moto akakuta macho yanamtazama.

"Ma, nina njaa."

Alimletea uji wa mchele. Pinyu alikula kijiko kimoja, cha pili, akitazama huku na huku.

"Pinyu, nisikilize, mama. Sema hivi: Ahsante, Mama wa Kitanda, kazi imekwisha, nenda salama. Sema tu."

"Hawa wote wametoka wapi?"

"Nimewaleta mimi. Ili uamke. Sema, mwanangu."

"Mama zao wanawanyonyesha?"

Sulan akamsogezea kijiko kingine. Pinyu alinyoosha shingo akayatazama matundu, la kitandani, la kabatini, yale ya sakafuni yaliyofika mpaka mlangoni. Alikuwa akiwatazama mmoja mmoja.

"Akienda, watakula nini?"

"Pinyu, hao ni panya."

"Ni watoto, Ma. Ni wengi." Alifuta mdomo kwa mkono wa fulana. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemweleza mdogo wake. "Wangekuwa wachache ningemwambia. Ningewalisha mwenyewe. Hawa siwawezi."

"Nitawalisha mimi. Wote. Naapa."

"Ulisema huna maziwa ya panya."

Kisha akalala kwa ubavu, akaipandisha fulana mgongoni kwa mkono wake mwenyewe. Sulan alimshika mabega, akamwita, akamtikisa, akapiga kelele mpaka Bunhiong akapanda ngazi mbio.

Bakuli lilikuwa bado juu ya shuka. Uji ulikuwa haujapoa.