Ndoano ya Akina Schuster

"Mwewe kwa Mbayuwayu. Mkate umo tanuruni. Usiutoe."

Roswitha Konnerth alielewa. Kidonge cha mionzi kilichoibwa ng'ambo ya mpaka kilikuwa mnarani, na mnunuzi alikuwa njiani.

"Mwewe, kuna mzee mle ndani. Ni mjomba wangu."

Sauti ya Mwewe ikarudi katika kifaa cha sikioni.

"Tunajua. Mnunuzi akikuta mzee mlinda ufunguo hayupo, atageuza gari. Tayari ana vidonge viwili vingine. Tukimkosa leo, tutavisikia vikilipuka ndani ya bomu katikati ya Bukaresti."

Alichomeka bastola ya Glock chini ya koti, akashuka kutoka gari lake la Dacia.

Ngome ya Kelnberg ilijengwa na wakulima wenyewe, Wasaksoni wa Transilvania, watu wa asili ya Kijerumani. Watatari waliigonga, Waturuki wakaichoma, isianguke. Ilikuja kushindwa na mabasi ya Nuremberg. Mipaka ilipofunguliwa, kijiji karibu chote kilihamia Ujerumani, kikaacha kuta, kengele na mjomba wake, Misch Gunesch, mlinda ufunguo wa mnara.

Mnarani kila nyumba ilikuwa na ndoano yake ya kutundikia nyama ya nguruwe ya moshi. Jumapili kengele ikilia, mwenye nyumba anakata kipande cha wiki, Misch anapiga mhuri penye mkato ili asiibe mtu. Siku hizi ndoano nyingi zilikuwa tupu. Wafanya magendo walikuwa wameligundua hilo: ghala lisilopekuliwa na yeyote.

Mlangoni, saa yake ya mkononi ilianza kutetemeka. Saa hiyo hupima mionzi.

Misch alikaa kwenye kigoda, chini ya pande moja nono la nyama. Nywele zilikuwa zimemtoka mafungu mafungu. Viganja vilikuwa vimebabuka.

"Roswitha! Mbona umekonda, binti? Huko Bukaresti mnakula karatasi?"

"Mjomba, twende nje tukaote jua."

"Kengele bado. Na hebu tazama juu!" Uso wote ulimcheka. "Ndoano ya akina Schuster. Kabla ya Pasaka nilifungua, nikakuta imetundikwa nyama. Wanarudi, binti! Sijamwambia mtu, wasije wakatiwa kijicho. Nashinda hapa nailinda."

"Hukuigusa? Hata kuipima uzito?"

"Nyama ya nyumba ya watu? Mimi?"

Roswitha alihesabu wiki. Tangu kabla ya Pasaka. Mjomba wake alikwisha kufa, ila hakuwa ameambiwa.

"Basi walau sogea mlangoni."

"Nani atawakaribisha?"

Kengele ililia.

Akaingia mwanamume wa makamo, begi zito begani. "Mimi Horst, mjukuu wa mzee Schuster."

Misch alimkumbatia, akalia waziwazi.

Mgeni akajinasua, akavaa glavu nene. Akalishusha pande zima na kufungua begi.

Misch akamshika mkono.

"Polepole, mwanangu. Babu yako hakukufundisha? Hapa habebi mtu pande zima. Kata la wiki, mimi nipige mhuri."

"Nipishe, kikongwe."

Bastola ya Makarov ikachomoka mkononi mwa mgeni.

Roswitha alifyatua kwanza.

Risasi ilimpata yule mtu begani. Roswitha akamlaza kifudifudi, akamfunga pingu. Pande lilikuwa limepasuka sakafuni, na ndani yake mlikuwa na kidonge cha chuma kinachong'aa.

"Mwewe. Mkate na mwokaji ninao."

"Safi. Vijana wa suti nyeupe wanapanda. Mnara utafungwa kwa zege."

"Na mzee?"

"Hospitali."

"Atapona?"

"Ondoka hapo, Mbayuwayu."

Misch alikuwa bado amesimama, mhuri mkononi.

"Kwa hiyo huyu si Schuster?"

"Si Schuster. Mjomba, nisikilize. Kile kitu kimekuunguza ndani kwa ndani. Unaumwa vibaya."

Mzee alilipuuza hilo kwa mkono, kama mtu anayefukuza nzi.

"Na wenyewe? Hawarudi?"

Roswitha alijua kudanganya. Ndiyo kazi iliyomlisha. Safari hii ulimi ulikataa.

"Hawarudi."

Misch akakaa.

"Ungeniacha niwangoje hata hadi jioni, binti."

Roswitha akavaa miwani yake myeusi ya Ray-Ban, akashuka ngazi bila kugeuka. Vijana wa suti nyeupe waliopishana naye uani walisimuliana baadaye jinsi alivyokuwa ametulia, utadhani ametoka sokoni.