Nakato Wawili kwenye Msumari Mmoja

Kila asubuhi mimi na jirani yangu Nalongo tulikuwa tukimenya ndizi pamoja, yeye upande wake wa ua wa matete, mimi upande wangu. Kwetu, Nalongo ni jina la kila mwanamke aliyezaa mapacha. Akishazaa, jina lake la zamani halitumiki tena. Mabinti zake walikuwa Babirye na Nakato, kama mapacha wote wa kike wa kwetu. Anayetangulia kutoka ni Babirye, anayemfuata ni Nakato. Hatuchagui.

Mwanangu Kamya alikuwa akifanya kazi ya kompyuta katika zahanati ya kilimani. Nalongo alikuwa akimtania. Alimwambia mwanamume anayeshinda kitini mwishowe huota makalio ya chifu, na hakuna msichana atakayemtaka. Kamya alikuwa akicheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Kisha dari la zahanati ya bondeni likaanguka, ikafungwa. Wagonjwa wake wakaletwa kwetu. Kamya akaagizwa aunganishe habari za zahanati zote mbili ndani ya kompyuta. Mbele ya kila jina la mgonjwa paliandikwa dawa ambayo mwili wake unaikataa. Kamya akaandika agizo moja fupi, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Paithoni: chukua habari za kilimani, mimina za bondeni juu yake. Kompyuta ikafanya papo hapo. Haikulalamika. Kamya akarudi nyumbani na furaha, akala sahani mbili.

Haukupita muda mrefu, Nakato akajikata mguu kwa panga alipokuwa akikata majani ya mgomba. Jeraha likatunga usaha. Muuguzi akaiuliza kompyuta. Kompyuta ikasema mtoto huyu hana dawa inayomdhuru. Akachomwa penisilini. Uso ukavimba, pumzi ikakatika. Mama yake alikuwa bado anakunja shuka aliyombebea.

Kwetu hatusemi pacha amekufa. Tunasema ameruka. Tulimfunika kwa nguo ya gome la mti, tukamlaza nyuma ya migomba. Nalongo hakulia. Alirudia neno moja tu: walijua. Sindano ile iliwavimbisha mabinti wote wawili walipokuwa wadogo. Yeye mwenyewe aliwaambia watu wa zahanati, wakaandika mbele ya macho yake.

Kamya alilisikia neno lile. Akaacha kula.

Kabla matanga hayajapoa, Babirye akaanza kukohoa. Homa ikapanda, mbavu zikawa zinabonyea kila akivuta pumzi. Nilimsikia kutoka jikoni kwangu. Nilimwomba Nalongo ampeleke zahanati. Akanijibu kupitia matete.

"Mmoja mmeshanichukulia, mama Kamya. Huyu akienda, aende akiwa mikononi mwangu."

Akafunga lango.

Kamya akampigia simu Kemigisha, mwanamke anayewafundisha watu wa kompyuta katika zahanati za wilaya yetu. Akaja kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi, akakaa jikoni kwangu. Niliuliza mashine iliwezaje kusahau kitu kilichoandikwa. Akanionyesha ukuta nilikotundika vyombo kwa misumari.

"Mama, kila jina ndani ya kompyuta ni kama msumari huu. Sisi tunauita ufunguo. Kilichotundikwa ndiyo habari ya mtu. Msumari mmoja hubeba kitu kimoja tu. Ukitundika kingine, cha kwanza kinaanguka."

"Bila kelele?"

"Bila kelele. Kompyuta haioni kosa. Inadhani umebadili mawazo."

Akamgeukia Kamya, akamuuliza alitumia ufunguo gani. Kamya akasema, jina kama lilivyoandikwa: Nakato wa Nalongo. Kemigisha akauliza na kule bondeni waliandikaje.

Kamya akasema, vivyo hivyo. Bondeni nako kuna Nalongo wao. Kila zahanati ilikuwa na mmoja tu mwenye mapacha wa kike, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa. Lakini habari zilipomiminwa pamoja, Nakato wa bondeni, asiyedhuriwa na dawa yoyote, alimfunika Nakato wetu.

"Nimemuua," Kamya akasema.

Kemigisha hakumbembeleza. "Kulia kuna wakati wake. Babirye naye amefunikwa, na yuko hai nyuma ya ua ule. Fungua kompyuta."

Nakala za zamani zilikuwepo, asante Mungu. Kemigisha akamwambia asizifute kamwe mpaka watu wahakiki kazi. Akamfundisha kwamba kabla ya kuunganisha, kompyuta iambiwe itafute kwanza funguo zilizopo pande zote mbili. Habari zikifanana, hakuna neno. Zikitofautiana, isichague yenyewe. Isimame, itunze zote mbili, imwonyeshe mtu. Na jina lisiwe ufunguo. Kila mgonjwa apewe namba yake, ambayo hatapewa mwingine hata mwenyewe akiondoka duniani.

Kamya akafanya hivyo. Waliogongana wakatokea kwenye kioo: Babirye, Nakato, na mapacha wa kiume, Wasswa na Kato. Watoto wa watu, wamelaliana.

Akatoka, akaenda kwa Nalongo. Nilimfuata. Kwetu mwanamume hampigii goti jirani, lakini Kamya alipiga magoti nje ya lango, akaeleza yote bila kujificha nyuma ya mashine. Nalongo akafungua, akamtazama.

"Huyo Nakato mwingine yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anafananaje?"

"Sijawahi kumwona."

Nalongo akashika lango, nikadhani atalifunga tena. Ndani, Babirye alikohoa.

"Sikusamehe," akasema. "Lakini mbebe huyu."

Kamya akambeba mgongoni hadi kilimani, Nalongo nyuma yake. Muuguzi akaiuliza kompyuta. Safari hii ilileta Babirye wawili, kila mmoja na namba yake na kijiji chake. Akauliza ni yupi. Nalongo akajibu, akaongeza kwa mdomo wake: penisilini hapana. Nanyi mnaosoma, fanyeni vivyo hivyo, hata mashine ikiwa nzuri. Muuguzi akarudia maneno yake kwa sauti, akatoa dawa nyingine. Pumzi ya Babirye ikatulia pole pole. Siku alipoomba uji, Nalongo alitoka nje, ndipo akalia.

Siku hizi Kamya haunganishi kitu bila kutafuta kwanza funguo zinazogongana. Hawajagongana tena watoto wa mtu.

Wakati wa kusafisha habari, ilimpasa kuuliza juu ya Nakato. Alikwenda uani na kumuuliza Nalongo kama sasa aliondoe jina lake. Nalongo alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso.

"Liache," akasema. "Mkimfuta tena, nimzae mara ngapi?"

Kamya akaliacha. Hadi leo ukiliuliza jina hilo, kompyuta inaleta wasichana wawili, na kila mmoja ana habari yake mwenyewe.