Barua Zenye Kipande cha Kitambaa

Aurélie aliingia katika sekretaria ya Lwamba, duka la kuchapa na kutoa nakala, sokoni Kasongo. Jenereta ilinguruma, watu walisukumana kutoa fotokopi, na kiwiko chake kikamtwanga mwenye duka mbavuni. Alivaa kitenge cha kijani alichojishonea mwenyewe, na Lwamba akasahau maumivu papo hapo.

"Pole, papa."

"Papa ni baba yako. Miye Lwamba."

Wakapendana, tena upesi. Miezi sita baadaye Aurélie akarudi kwao Kabambare kushona sare za shule. Alimwachia Lwamba barua sitini za kuwaita wazazi wa vijiji vya Wamaza dukani kwake Kabambare, kila moja imeshonewa kipande cha kitambaa.

"Upatie motari wa Wamaza, apeleke na pikipiki yake, chéri."

"Hakuna shida, mupenzi."

Lwamba, mjuaji wa mambo ya kisasa, akatuma barua pepe yenye picha za kupendeza kwa wazazi, kwa paroko na kwa shule. Zile barua akazifungia kwenye droo.

Paroko alijibu. Mkuu wa shule naye akaagiza sare kumi. Wazazi, kimya. Shule zilikaribia kufunguliwa na cherehani ilikuwa imelala. Aurélie akapiga simu.

"Lwamba, barua zangu ziko wapi?"

"Nilituma imeli. Inafika mara moja."

"Kwa mama wa Wamaza? Rezo ya simu iko wapi kule? Na kitambaa atakishika ndani ya picha?"

"Mupenzi..."

"Usiniite vile! Nimeshona barua sitini kwa mukono, weye umezificha. Tumeisha."

Lwamba alilia, kweli alilia. Kisha akazitoa barua kwenye droo, akafunga sekretaria, akapanda pikipiki kwenda Wamaza. Siku tatu matopeni, nyumba kwa nyumba. Akina mama walivuta kitambaa, wakakinusa, mmoja akakitafuna kabisa, ndipo wakauliza bei.

Siku ya soko walijaa mlangoni kwa Aurélie, barua mkononi. Akaketi kwenye cherehani kwa furaha. Nyuma yao alisimama Lwamba, tope hadi kiunoni.

"Wakubwa wa shule, imeli. Wamama, karatasi," alisema kwa unyonge. "Nimeelewa."

"Umechelewa!" Lakini moyo ulishatua, na sauti ilimsaliti.

"Niko na barua ingine." Akatoa bahasha safi kutoka kifuani.

"Iko na jina ya baba yangu."

"Ni ya kukuposa."

Aurélie akaitazama bahasha, akamtazama Lwamba toka kichwani hadi chini, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Baba iko ndani. Nawa miguu kwanza."