Majivu ya Tanuru la Mjane

Hakuna aliyemtuma Nabintu kubeba ndoo.

Jioni ile mwanawe Manassé alimwambia tu, "Maman, twende tuchukue ile tanuru mbele giza iingie." Nabintu akavaa koti, akafunga kitenge juu ya koti, na chini ya kitenge akaficha ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko. Mwanamke wa Walungu, kule Kongo, haendi penye tanuru la kuni mikono mitupu. Tangu aingie Amerika, kwanza Louisville ambako baridi ilikuwa ya kubembeleza, kisha huku Buffalo ambako baridi haina adabu, alikuwa hajashika majivu. Miaka yote hiyo alipika maharagwe kwa umeme, yakatoka magumu kama changarawe, na Clémence, mke wa Manassé, akayameza kimya kwa sababu alifundwa heshima. Kwao Nabintu maharagwe hulainishwa na majivu. Unayatia kwenye chombo chenye matundu, unamwagia maji juu, chini yanachuruzika maji ya rangi ya chai, na vijiko vichache vya maji hayo vinatosha sufuria nzima. Huko kwao hata mtoto anajua. Amerika, pamoja na maroketi yake, haijui.

Lakini si maharagwe yaliyowapeleka kwa mjane mwenye tanuru. Ni Natasha.

Natasha, binti wa Clémence, alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kama paka aliyelowa. Muuguzi aliwarudia neno moja mpaka likawachosha: joto. Mtoto huyu asipate baridi. Na nyumba yenyewe, waliyoihamia baada ya kuchoka makelele ya barabara ya Bailey, ilikuwa nje kabisa ya mji, ya mbao, kuukuu, na mtambo wake wa joto ulikuwa umekufa kabla theluji haijaanza. Walilala na makoti. Mtoto alilala kifuani mwa mama yake, na Nabintu alikuwa akiamka kila mara kumgusa miguu.

Ndipo Manassé akasikia habari za tanuru la nje lililotumika, linauzwa.

Lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba ya mjane mzungu, kibanda cha chuma chenye kimo cha mtu na bomba la moshi kichwani. Kuni zinaungua ndani, maji yanazunguka moto, kisha yanasukumwa kwa mabomba chini ya ardhi mpaka nyumbani. Kitu cha maana. Ila mlango wake ulikuwa umezungushiwa mnyororo.

"Muulize mnyororo ni ya nini," Nabintu alisema.

Manassé akauliza kwa Kiingereza. Mjane alijibu akitazama pembeni.

"Anasema mlango inajifunguaka yenyewe."

"Chuma nzito vile ijifungue? Huyu mama eko na akili?"

"Maman, pole pole. Tena anasema majivu yote tuyamwage hapa hapa, chini ya ule muti, penye jiwe. Yote. Tusibebe hata kidogo."

"Sawa, sawa," alisema Nabintu.

Sawa ya Nabintu inajulikana. Manassé alipokwenda na sepetu yake ya kwanza chini ya mti, na mjane alipogeuka kuingia ndani, mama mtu mzima aliinama mlangoni mwa tanuru akajaza ndoo mpaka shingoni. Majivu yalikuwa meupe, laini kama unga wa muhogo. Atupe mali kama hiyo chini ya mti? Wazungu wana wazimu wao, yeye ana maharagwe yake.

Yalinuka kidogo. Tumbaku ya kiko... na sufu iliyolowa.

Alifunga kifuniko.

Lilipofikishwa nyumbani kwao, aliyekuja kuliunga tanuru alikuwa Cheruiyot, Mkenya wa kanisani kwao, fundi wa mabomba. Yeye na Manassé walichimba mtaro, wakalaza mabomba, wakafunga pampu, huku Nabintu akiwasimamia dirishani kama aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

"Mama Manassé, hiyo Kiswahili yenu ya Bukavu inahitaji mkalimani," Cheruiyot alimtania.

"Na yako inahitaji kuokoka. Kazi, muntu wangu, mutoto anaganda."

Jioni moto ukawashwa. Maji yakazunguka, nyumba ikapumua. Kwa mara ya kwanza Clémence alimvua mtoto kofia, na mashavu ya Natasha yakaiva kama nyanya. Nabintu alipika sherehe. Aliyachekecha majivu yake vizuri kabla ya kuyachuja, na kwenye chekeche vikabaki vifungo viwili vya shaba, vya suruali ya kazi, na kijiwe kimoja cheupe. Kijiwe akakirusha nje. Vifungo akavitia kwenye kopo lake la sindano. Nani anatupa vifungo vizima?

Maharagwe yale yaliyeyuka mdomoni. Manassé alikula, akaongeza. Clémence alikula, kisha akamnyonyesha mtoto. Cheruiyot hakuonja, aliwahi zamu yake kazini.

Usiku ule walilala bila makoti.

Kesho yake, kiza kilipoanza kushuka, mabomba yakaanza kugonga.

Ko... ko... ko.

Polepole. Kama mtu anayebisha kwa kifundo cha kidole, tena mtu mwenye subira. Nabintu alitazama nje. Mlango wa tanuru ulikuwa wazi, na moto umetoa mwanga mwekundu juu ya theluji. Akatoka akaufunga, akabana komeo kwa mikono miwili.

Jioni ya pili ulikuwa wazi tena. Na ya tatu.

Kuni nazo hazikupungua. Manassé alidhani mama yake ndiye anayetia, mama alidhani ni Manassé, mpaka siku walipoulizana, wakatazamana, na hakuna aliyetaka kuendelea na mazungumzo hayo. Harufu ya kiko ikaingia ndani, ikakaa kwenye mapazia.

Wakamwita Cheruiyot. Alikuja jioni na mfuko wake wa vyombo, akalala kifudifudi sakafuni, sikio juu ya bomba.

"Mama, hapa kuko kimya. Pressure iko sawa. Everything iko sawa."

Ko... ko... ko.

Pale pale chini ya sikio lake.

"Hausikii?" Clémence aliuliza.

"Nisikie nini?"

Nabintu alimtazama Mkenya wa watu, mzima, anacheka, hana habari. Kisha akamtazama mwanawe na mkwewe, waliokunja nyuso kwa kelele zile. Akawaza, huyu ana nini ambacho sisi hatuna? Wazo likamgeuka kichwani. Au sisi tuna nini ambacho yeye hana?

Macho yake yakaenda yenyewe kwenye sufuria ya maharagwe.

Akaifunika. Angesemaje?

Kisha theluji kubwa ikashuka, ile iliyofukia magari mwaka ule. Barabara zikafungwa, Manassé akakwama kwenye ghala alikofanya kazi. Jioni Clémence alimwita mama mkwe kwa sauti ndogo.

"Maman... umuguse."

Nyumba ilikuwa ya moto. Kuta zilikuwa zinatoka jasho. Na miguu ya Natasha ilikuwa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu. Midomo imeanza kuwa ya buluu. Halii.

"Piga simu ya hospitali."

"Nimepiga. Banasema gari haiwezi kupita, wanajaribu. Maman, ninamupa joto na haikai. Inaenda."

"Inaenda wapi?"

Clémence alikuwa anatazama dirisha. Huko nje, mlango wa tanuru ulikuwa wazi.

Na kulikuwa na mtu.

Nabintu alichukua chuma cha kuchochea moto. Aliogopa, lakini mjukuu ni mjukuu. Alitoka. Theluji ilimfika mapajani. Yule mtu alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, amempa mgongo, amenyoosha viganja kwenye ndimi za moto. Theluji iliyomzunguka ilikuwa safi, haina unyayo hata mmoja. Theluji iliyoanguka mabegani mwake haikuyeyuka.

Kiko... na sufu iliyolowa.

"Mister," Nabintu alisema. Kiingereza chake kiliishia hapo.

Mtu yule hakugeuka. Alijibu kwa Mashi. Mashi ya Walungu, lugha ya mama yake Nabintu, na kwa ile namna yake Nabintu mwenyewe ya kuvuta neno la mwisho.

"Mama Nabintu... usifunge mlango."

Chuma kilimponyoka mkononi.

"Nani alikufundisha lugha yangu?"

"Mlinila."

Upepo ulinyamaza. Hata pampu ilinyamaza.

"Niko nusu," ile sauti ilisema. "Sehemu iko kwa mti. Sehemu iko kwenye ndoo yako. Na nyingine... Nasikia baridi, mama. Joto la kuni halinifikii. La mtoto linanifikia. Ni tamu."

Hapo Nabintu aliudhika, na hasira ikamfaa kuliko woga.

"Utaliacha! Mutoto hakukuchukua, nilikuchukua miye. Ndoo ingaliko. Barabara ikifunguka nitakurudisha kwa jiwe lako na mikono yangu. Sitabakiza hata vumbi. Lakini mutoto umuache sasa. Sasa hivi."

Viganja vilijikunja, vikajikunjua.

"Na ile mliyokula?"

Nabintu alisimama tu, theluji ikimjaa kope, mpaka akaona kwamba anautazama moto mtupu. Hakufunga mlango. Alirudi ndani kinyumenyume.

"Analia!" Clémence alimpokea mlangoni, naye mwenyewe analia. "Maman, analia! Miguu inapata joto!"

Asubuhi magari ya kuzoa theluji yalipita, na Manassé akafika macho mekundu. Nabintu alimweleza yote akiwa amesimama, ndoo mkononi. Manassé hakubisha. Naye alikuwa amesikia kubisha kule, ko ko ko, kwenye mabomba ya ghala, mbali na nyumba, usiku kucha.

Walikwenda kwa mjane. Nabintu alifukua theluji penye jiwe, akamwaga majivu yote, akaisuuza ndoo, akamwaga na maji yake, akakung'uta na chekeche. Alipoinua kichwa, mjane alikuwa amesimama nyuma yake, amejifunika shali, hana hata mshangao.

"Anasema alijua kama ulibeba," Manassé alitafsiri. "Mlango yake ya nyumba ilikuwa inabishwa kila magharibi. Tulipobeba tanuru, ikanyamaza mbele wiki iishe. Akajua mwenye kubisha amehama."

"Muulize ni nani."

Mjane alizungumza kwa utaratibu, kama mtu aliyezoea kuyasema hayo. Ni mume wake. Alikufa hospitali, wakamchoma huko wanakochoma maiti kwa desturi yao, wakampa majivu kwenye chombo. Mume alikuwa mtu wa kusikia baridi. Alikuwa ameomba majivu yake yatiwe kwenye tanuru alilolijenga mwenyewe. Basi.

Nabintu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa vifungo viwili vya shaba, akaviweka juu ya jiwe.

Maiti ya hospitali haiendi kuchomwa na suruali ya kazi. Hilo hata asiyesoma analijua.

Mjane aliviangalia. Aliinama, akavichukua, akafumba ngumi. Akasema neno fupi, akaondoka, akafunga mlango wake, na wakasikia funguo zikizunguka.

Nabintu alimgeukia mwanawe.

"Amesema nini?"

"Amesema... 'Aliniomba nisiufunge mlango.'"

Walipanda gari wakarudi nyumbani. Kumwambia nani? Polisi? Waseme wamejuaje, wameonja?

Walilifunga lile tanuru, wakalizima, na watu wa kanisa wakawachangia mtambo mwingine wa kawaida. Cheruiyot aliling'oa na kulipeleka kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, akilalamika kwamba Wakongomani hawajui kitu kizuri. Mabomba yakanyamaza. Natasha akanona, akaota mashavu, akajifunza kukaa. Nabintu alirudi kula maharagwe magumu na hakumtaka mtu ayasemee.

Ila kuna jambo moja, na Clémence bado hajaliona, au amejifanya hajaliona.

Kila kiza kinapoingia, mtoto anaacha kuchezea alichonacho. Anageuka dirishani, upande ule ambako tanuru lilisimama na sasa pana zege tupu. Ananyoosha mikono, viganja wazi. Anavikunja polepole, anavikunjua, kama mzee anayeota moto.

Nabintu humgeuza, akamweka atazame ukuta.

Juzi alimgeuza, akaenda jikoni kuchukua uji. Aliporudi, mtoto alikuwa ametazama dirisha tena. Akamwinamia ambusu utosini, pale penye harufu nzuri ya watoto wachanga.

Palinuka kiko.

Na nyuma yake, mlango wa nyumba, aliokuwa ameufunga kwa komeo kwa mkono wake mwenyewe... ulikuwa wazi.